Jina Huja Mwisho

Mhadhara unaanza saa mbili asubuhi. Saa mbili kasorobo mhadhiri yuko ukumbini. Anafuta ubao kuanzia juu kushuka chini, anaandika neno moja kwa chaki, kisha anapanda hadi safu ya nyuma kabisa na kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Anautazama ubao kutoka pale. Herufi ni ndogo. Anashuka, anafuta, anaandika upya: KUMBUKUMBU.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapatao 200 wanaingia. Wengi wanasomea ualimu, na utangulizi wa saikolojia ni kozi ya lazima kwao. Wapo waliokuja wakiamini kuwa mwanasaikolojia humtazama mtu usoni akajua anachowaza. Wapo wanaoamini kuwa kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa kabatini: ukiihitaji, unaitoa ilivyo. Mhadhiri hawakosoi. Anatoa mkobani karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo na kuwaomba waweke kalamu chini, wasikilize tu.

Mihadhara ya chuo hiki ni kwa Kiingereza, lakini karatasi hii ameiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa anataka kupima kumbukumbu, si msamiati. Anasoma: kitanda, mto, godoro, shuka, blanketi, chandarua, giza, usiku, uchovu, miayo, ndoto, kukoroma, kupumzika, kuamka, alfajiri. Kidole chake kinagonga meza polepole ili mwendo usibadilike. Hapandishi sauti kwa neno lolote wala haishushi. Maneno 15 yanatoka yakiwa na uzito mmoja, kama mawe ya mizani.

Hawaruhusu kuandika bado. Anawataka wahesabu kimyakimya kurudi nyuma kutoka 200, wakitoa tatu kila mara: 197, 194, 191. Nusu dakika inapita. Hatua hiyo ndogo ina kazi yake. Bila hiyo, maneno ya mwisho yangekuwa bado yanavuma masikioni, na mtu angeyaandika kama mwangwi. Sasa anasema, "Andikeni mnayoyakumbuka." Ukumbi unatulia, zinasikika kalamu tu.

Kisha anauliza. Nani ana "kitanda"? Mikono mingi. Nani ana "miayo"? Michache. Nani ana "usingizi"? Zaidi ya nusu ya ukumbi inanyoosha mikono, na kwa haraka.

"Usingizi haumo," anasema.

Kijana mmoja wa safu ya kati anasimama. "Nimelisikia, Mwalimu. Ulilitaja baada ya uchovu." Sauti yake ina uhakika wote wa mtu mkweli. Mhadhiri habishani naye wala hatabasamu. Anamnyooshea karatasi: "Njoo uwasomee wenzako." Kijana anashuka, anasoma kwa sauti hadi alfajiri, ananyamaza, kisha anaanza tena kutoka juu, safari hii kwa kidole, neno kwa neno. Msomaji, nawe waweza kurudi juu ukahakikishe.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu mwalimu huyu. Hakusema kitu. Aliweka mikono nyuma na kuwaacha wakae na walichokiona. Anayejua jibu hujisikia kuwashwa ulimi katika ukimya wa namna ile. Yeye aliuvumilia mpaka ukazaa. Ndipo akauliza swali moja tu: "Kwa nini?" Mmoja akasema hawakusikiliza vizuri. Akamshukuru, akasubiri. Mwingine akasema maneno yanafanana. Akasubiri tena. Msichana wa karibu na dirisha akasema, "Hayo mengine yote yanaliita." Mhadhiri akageuka na kuandika ubaoni: YANALIITA.

Hapo ndipo alipowapa majina. Mwanasaikolojia James Deese alionyesha jambo hili mwaka 1959. Henry Roediger na Kathleen McDermott walilirudia na kulipanua mwaka 1995. Linaitwa kumbukumbu ya uongo, na mwenye nayo hadanganyi. Kijana yule, ambaye sasa alikuwa ameketi, aliandika sentensi hiyo ya mwisho na kuipigia mstari.

Baada ya kipindi nilimwomba mhadhiri anionyeshe karatasi. Pembeni kulikuwa na maneno yaliyokatwa. "Kulala" alilitoa kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanaandika hilo badala ya "usingizi". "Kusinzia" alilitoa kwa sababu limetoka tumbo moja na "usingizi", na mwanafunzi angeweza kudai kwamba masikio ndiyo yaliyomponza. Orodha ya Kiingereza ya watafiti hao haiwezi kuhamishwa tu. Ilibidi achonge ya kwake, akiijaribu darasa baada ya darasa.

Baada ya orodha anawapeleka mbali zaidi, hadi kwenye ushahidi wa mahakamani. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa mwendo wa magari "yalipobamizana", jingine "yalipogongana". Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwepo. Hata hivyo, 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walisema waliviona. Wa kundi la pili walikuwa 7 kati ya 50. Anaziandika namba hizo mbili kwa maandishi makubwa na kurudi kusimama pembeni ya ubao.

Dakika kumi za mwisho madaftari yanafungwa. Kila mmoja anaandika kwenye nusu karatasi alichokielewa na pale alipokwama. Anajua kuwa kujikumbusha bila kutazama hukaza somo kuliko kulisoma upya. Kila wiki anachukua karatasi 30 za safu tofauti na kuzisoma jioni. Penye kosa haweki alama ya X, anaandika swali. Kosa linalojirudia ndilo linalofungua kipindi kinachofuata.

Nilimuuliza alijifunza wapi kungoja. Alinitajia mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuja Uganda mwaka 1954 na kuzitembelea mara kwa mara familia 26, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga majumbani. Dunia inamkumbuka kwa majaribio ya Baltimore yaliyofuata, lakini msingi wa kazi yake kuhusu mapenzi ya mtoto kwa mlezi uliwekwa katika nyumba hizo za Waganda. "Alitazama kwanza," mhadhiri alisema. "Majina aliyatoa baadaye."

Wapo wanaodhani kozi ya utangulizi apewe yeyote, kwa kuwa mambo yake ni mepesi. Mimi nimekaa safu ya nyuma na kuona inavyofundishwa. Wengi wa vijana wale watakuwa walimu, na siku moja watasimama mbele ya mtoto anayesema kwa uhakika jambo ambalo silo. Kabla ya kumwita mwongo, nusu ya ukumbi ule itakumbuka ilivyonyoosha mikono. Kozi ya kwanza ipewe fundi.