Mratibu wa Harusi Anayeanzia Ziwani

Mratibu mzuri wa harusi jijini Mwanza haanzi na rangi ya mapambo. Anauliza wageni wanatoka wapi. Shangazi wa bwana harusi yuko Nansio, wajomba wako Sengerema, ukoo wa bibi harusi unatoka Magu. Majibu hayo ndiyo yanayoipanga siku. Ukerewe ni kisiwa, na shangazi akimaliza kula usiku hana meli ya kumrudisha. Lazima alale mjini. Malazi yake yakisahauliwa kwenye bajeti, yatalipwa usiku uleule na mtu asiyejiandaa, tena kwa manung'uniko. Upande wa Sengerema kazi imepungua: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na gari sasa linavuka kwa dakika chache mahali ambapo lilikuwa likipanga foleni ya kivuko.

Lakini ufundi huu nauheshimu zaidi ndani ya kikao. Harusi yetu ni ya kamati, yenye mwenyekiti, katibu, mhazini na daftari la ahadi. Mratibu ameitwa kwa malipo, naye anakaa mbele ya baba wadogo na mama wakubwa waliokwisha kuozesha watoto wengi. Kuwaamuru hawezi. Waratibu walio hodari husikiliza mjadala wote, wa ng'ombe wa kuchinja, wa sare, wa nani awe mshereheshaji, kisha huomba nafasi: "Mwenyekiti, kwa idhini yako, mhazini atusomee zilizo mkononi, ahadi tuziache kwanza." Kiasi kikishasomwa, kadi za dabo zinapungua zenyewe, ukumbi mkubwa unaachwa, na hakuna mzee aliyeaibishwa. Kusema ukweli wa fedha bila kumvunjia mtu heshima ni kazi ngumu kuliko kupamba jukwaa, na mapambo mengi niliyoyaona yakisifiwa yaliwezekana kwa sababu ya dakika hizo chache.

Mratibu huyohuyo anahesabu siku kurudi nyuma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na kanisani kuna matangazo yake. Kadi hazichapishwi mpaka hayo yamekaa sawa.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Alasiri, nchi kavu ikishapata joto, upepo huvuma kutoka majini. Hema lililofunguliwa kuelekea ufukweni huwa tanga. Kwa hiyo katika bustani za ufukweni mgongo wa jukwaa huelekezwa ziwani, keki hukaa nyuma ya kizuizi, na vitambaa vya meza hubanwa mapema. Usiku wadudu wa ziwani hufuata mwanga, basi taa kali husogezwa mbali na vyakula. Hata jua lina hesabu yake: Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama baadaye, karibu saa moja kasorobo. Anayelijua hilo hawakurupushi maharusi kwenda kupiga picha kwenye Jiwe la Bismarck saa tisa, jua likiwa kali usoni. Anawaacha wapumzike, wanywe maji, kisha anawapeleka mwanga ukiwa laini na maji yakiwa ya dhahabu. Anakumbuka pia kwamba msafara wenye matarumbeta hautembei haraka kwenye Barabara ya Kenyatta jioni, na anamwambia mpishi hivyo mapema ili sangara asikaangwe kabla ya wakati.

Kamati zinazojiandaa kwa harusi za Desemba, mwiteni mratibu kwenye kikao cha kwanza, kabla hamjalipia ukumbi. Andikianeni mkataba, mlipeni kwa wakati, na akiomba kusikia fedha zilizo mkononi, msomeeni.