Jinsi Ostwald Alivyoipima Nguvu ya Asidi

Chukua ujazo sawa wa asidi mbili zenye ukolezi sawa, moli 0.1 kwa lita: hidrokloriki, na asetiki iliyomo kwenye siki. Tia soda kaustiki tone kwa tone mpaka kionyeshi kibadilike rangi. Zote mbili zitamaliza kiasi kilekile cha soda. Kipimo hiki cha maabara za shule hakitofautishi asidi kali na dhaifu, kwa kuwa soda inapoziondoa ioni za haidrojeni, molekuli nyingine za asetiki hugawanyika kujaza nafasi. Msawazo unasogea hivyo mpaka asidi yote iishe. Anayetafuta nguvu ya asidi hana budi kuhesabu ioni bila kuziondoa.

Wilhelm Ostwald alizihesabu kwa umeme, na kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi safi kabisa katika kemia. Mwaka 1884 alisafiri kutoka Riga hadi Uppsala kuonana na Svante Arrhenius, kijana aliyedai kwamba ioni ndizo zinazobeba umeme ndani ya maji. Friedrich Kohlrausch alikuwa ameshaonyesha jinsi ya kupima kwa mkondo geu, ili umeme wenyewe usiuharibu mmumunyo.

Utaratibu ni huu: pima umeme unaopitishwa na moli moja ya asidi, zimua kwa maji, pima tena. Kila ukizimua, asetiki hupitisha zaidi, maana sehemu kubwa zaidi imegawanyika. Gawanya kila kipimo kwa kile ambacho kingepatikana kama asidi yote ingegawanyika, nawe unapata sehemu iliyogawanyika. Lakini asetiki haifiki huko kamwe, hata uizimue vipi. Njia ikapatikana kwenye kanuni ya Kohlrausch kwamba kila ioni ina mchango wake: chukua kikomo cha asetati ya sodiamu (kipimo kinachokaribiwa kadiri mmumunyo unavyozimuliwa), jumlisha cha hidrokloriki, toa cha chumvi ya kawaida. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, 91.0 + 426.2 − 126.5 ni 390.7.

Sasa tazama matokeo. Katika moli 0.1 kwa lita, asetiki imegawanyika kama asilimia 1.3, katika 0.01, asilimia 4.2, katika 0.001, asilimia 12.5. Zidisha ukolezi kwa mraba wa sehemu iliyogawanyika, kisha gawanya kwa sehemu iliyobaki nzima. Mara zote tatu jibu ni takriban 0.000018. Maji yameongezeka mara mia, namba haikutikisika. Hiyo ndiyo nguvu ya asetiki, na ndiyo sheria aliyoitangaza Ostwald mwaka 1888.

Hidrokloriki iliikataa sheria hiyo. Ukiipitisha kwenye hesabu ileile, "namba thabiti" yake hushuka zaidi ya mara kumi kati ya moli 0.1 na 0.001. Maelezo yalikamilishwa na Peter Debye na Erich Hückel mwaka 1923: asidi kali imegawanyika karibu yote tangu mwanzo, na ioni zake zilizosongamana huvutana na kupunguzana mwendo. Umeme unaopungua hapo hauonyeshi tena uchache wa ioni.