Uzito wa Chungu

Msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma, akikengeuka mkono wa kulia, hufika Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwezi Oktoba 1999. Pana makumbusho pale, na ndani yake zawadi alizotunukiwa katika uongozi wake. Apitaye mbele ya vitu hivyo huzukiwa na swali: chombo cha dola hupimwa kwa nini?

Wachina waliulizana hayo zamani. Wafalme wa Shang na wa Zhou walisubu vyungu vya miguu mitatu au minne, viitwavyo ding, kwa shaba iliyochanganywa na bati, wakawaandalia humo wahenga wao chakula cha tambiko. Kimoja, kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939, kina uzito wa zaidi ya kilo 800. Imesimuliwa kwamba mwaka 606 K.K. mfalme wa Chu aliuliza uzito wa vyungu tisa vya ufalme wa Zhou. Wangsun Man akamjibu kuwa jambo ni wema wa mtawala, si chungu.

Jibu ni zuri, lakini mhakiki atazame pia kazi ya fundi. Shaba ile ilizaliwa na udongo: kalibu za udongo ziliunganishwa vipande vipande, shaba ikamiminwa, kisha kalibu zikavunjwa. Na ndani ya vyungu vingi, pale panapofunikwa na chakula, yaliachwa maandishi: nani kakisubu, na kwa ajili ya nani.

Sisi nasi tuna chombo chetu. Aprili 1964 Mwalimu alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, na picha yake ingali machoni mwetu. Kwa tambiko, picha ile imetimia, haikuhitaji shaba. Kwa maandishi, imepungukiwa. Ndiyo maana hatujaacha kuulizana uzito wake: serikali mbili au tatu, na mambo ya Muungano mangapi? Wako wanaoliona swali hilo kuwa utovu wa adabu. Sikubaliani nao. Mfalme wa Chu aliuliza kwa tamaa ya kunyakua. Mwenye udongo huuliza kwa kuwa udongo ni wake.

Tungo zetu nyingi za Muungano zimeridhika na nakshi ya nje: undugu, bahari, mikono iliyoshikana. Mshairi ashushe kalamu ndani ya chungu, aandike pale penye kiza: udongo huu ni wa nani, na karamu hii ameandaliwa nani.