Njia ya Pembeni ya Kufika Mapafuni

Novemba 29, 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mtoto wa kike wa miezi 15 alilazwa kwenye meza ya upasuaji. Uzito wake haukuzidi sana kilo 4. Midomo na kucha zilikuwa za buluu.

Moyo wake ulikuwa na kasoro nne zinazokwenda pamoja, ziitwazo tetralojia ya Fallot. Mbili ndizo zilizomtesa zaidi: njia ya kupeleka damu mapafuni ilikuwa imebana, na ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini ulikuwa na tundu. Damu inayorudi moyoni kutafuta oksijeni, ikikuta njia ya mapafu imebana, hupenya kwenye tundu na kurudi mwilini ilivyokuja.

Wakati huo hapakuwa na mashine ya kuushikia moyo zamu, hivyo kuufungua na kuziba tundu ilikuwa ndoto. Lakini Dk. Helen Taussig, bingwa wa moyo wa watoto, alikuwa ameona jambo. Kila kijusi kina mshipa mfupi unaounganisha aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu, nao hujifunga baada ya kuzaliwa. Watoto wa buluu ambao mshipa huo ulichelewa kujifunga walikuwa na hali nafuu. Je, hauwezi kutengenezwa?

Jibu lilitafutwa maabarani na Vivien Thomas, fundi mweusi aliyewahi kuwa seremala na ambaye hakusomea udaktari. Alijaribu mbinu hiyo kwa mbwa tena na tena, akatayarisha na sindano ndogo za kushonea.

Siku ya upasuaji, Dk. Alfred Blalock aliukata mshipa unaotoka kwenye aota kulisha mkono wa kushoto, akaushona ubavuni mwa ateri ya mapafu. Msukumo wa damu kwenye aota ni mkubwa kuliko wa mapafuni, kwa hiyo damu ilikwenda mapafuni yenyewe. Mkono ulinusurika kwa mishipa midogo ya begani. Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya Blalock, akimwelekeza.

Kasoro zote nne zilibaki palepale. Kilichoongezwa ni njia. Mtoto yule alipata nafuu, akafariki miezi kadhaa baadaye. Mgonjwa wa tatu, mvulana wa miaka 6, aliacha kuwa wa buluu akiwa bado mezani.

Ripoti ya upasuaji huo ya mwaka 1945 ilibeba majina ya Blalock na Taussig pekee. Thomas alitunukiwa shahada ya heshima na Johns Hopkins mwaka 1976. Siku hizi mshipa wa mkono haukatwi, huwekwa mrija wa bandia, na madaktari wengi huiita njia hiyo Blalock-Thomas-Taussig.