Mahubiri ya Kwenye Simu na Mnada wa Baada ya Ibada

Sharika nyingi zinazorusha ibada mtandaoni huzima kamera mara tu baada ya baraka. Mchungaji ameshusha mikono, kwaya imeanza kutoka, na kijana aliyekuwa akirekodi anakunja stendi ya simu. Anayefuatilia akiwa nyumbani haoni kinachofuata. Waumini wamesimama uani kwa duara, na mzee wa kanisa ameinua kuku juu, anataja bei. Hapa Mpanda mnada huo huwa na mahindi, karanga, mchele na mayai, wakati mwingine kidumu cha asali kutoka Inyonga au migebuka iliyokaushwa kutoka Karema. Bei hupanda, watu hucheka, na mtu hununua trei ya mayai kisha akamkabidhi mama mjane aliyesimama nyuma, bila kusema neno. Hapo ndipo tunapojua nani amevuna na nani hakuvuna, nani ametoka hospitali, na nani hajaonekana kwa Jumapili tatu.

Tumeanza na mnada kwa sababu tunataka kuyapima mawasiliano ya Kanisa kwa kipimo ambacho siku hizi tunakisahau. Kipimo tunachotumia ni hesabu: wangapi wametazama, wangapi wamependa, wangapi wamewatumia wenzao. Lugha yetu inatupa kipimo kingine. Kuwasili ni kufika. Kuwasiliana ni kufikiana, mimi nifike kwako nawe ufike kwangu. Kinachotoka upande mmoja tu kinaweza kuwa tangazo zuri, wimbo mzuri, hata mahubiri mazuri, lakini bado hakijawa mawasiliano.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kukiogopa chombo chenyewe. Hoja 95 za mwaka 1517 zilitapakaa Ujerumani kwa sababu kulikuwa na mashine za kuchapa, na jambo hilo tunalisimulia kwa fahari kila Oktoba. Kosa letu ni kuishia hapo. Mwaka 1528 Luther na wenzake walizunguka katika sharika za Saxony kukagua hali. Baada ya miaka kumi ya vijitabu, walikuta watu wa vijijini wasiojua Amri Kumi, wala Imani, wala Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kuwafundisha. Karakana za wachapaji hazikuwa zimeonyesha upungufu huo. Ulionekana kwa kwenda. Ndipo mwaka 1529 ikatoka Katekisimo Ndogo, ambayo kila aliyepita kipaimara anaikumbuka kwa maswali na majibu yake. Luther hakuacha kuchapa. Alichapa kitabu kinachomtaka mwenye nyumba aulizwe na watoto wake, naye awaulize.

Wazazi wetu nao walikuwa na chombo chao. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilifungua Radio Sauti ya Injili kule Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Kituo kilidumu hadi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha. Redio haijibu, hilo ni kweli. Lakini redio ilikuwa moja na wasikilizaji walikuwa nyumba nzima pamoja na majirani, na kipindi kilipokwisha mabishano yalianza palepale kwenye mkeka. Leo kila mtu ana mhubiri wake sikioni, na ndani ya nyumba moja baba anamsikiliza huyu, mama yule, na kijana wa tatu ambaye wazazi hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Kuhusu mahubiri yenyewe tunayo lawama kubwa zaidi, na inatuhusu sisi tunaohubiri. Mahubiri yetu yamejengwa juu ya Sheria na Injili. Neno humvunja mtu kwanza, kisha humfunga jeraha. Kinachosambaa kwenye simu ni kipande cha dakika moja, na kipande hicho karibu kila mara ni cha aina mbili: karipio linalochekesha, mara nyingi kwa wanawake au vijana, au ahadi ya gari, mtoto na kazi. Katikati, pale msalaba unapotajwa, hapakatwi wala hapasambai, maana hapachekeshi na hapaahidi haraka. Tumewasikia watumishi wenzetu wakikiri kwamba sasa wanaandaa mahubiri huku wakijiuliza ni wapi patakatwa. Nasi tumejiuliza hivyo. Siku mhubiri anapoanza kuandika kwa ajili ya kipande, usharika ulioketi mbele yake umegeuka kuwa mapambo ya picha.

(Video za kwaya zinastahili insha yake. Tuseme tu kwamba wimbo wa kumlilia Mungu katika umaskini, ukiimbwa mbele ya ghorofa la watu na gari la kuazima, humwachia mtazamaji kazi ya kuamua asadiki sauti au picha.)

Habari isiyoulizwa swali inaweza kuua. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Masapila, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, sifa zake zilikwenda kwa simu na magazeti kuliko mguu wa mtu yeyote. Maelfu walisafiri kutoka pande zote za nchi na nchi jirani. Wapo waliotoka hospitalini ili wawahi, na wapo waliokufa wakiwa kwenye foleni. Viongozi wa Kanisa letu wenyewe wapo waliounga mkono hadharani. Wakati huo simu za kisasa vijijini zilikuwa chache. Sasa ziko kila mahali, na ushuhuda wa uponyaji unatufikia kabla hatujamaliza chai ya asubuhi, bila jina la kijiji wala la mtu wa kumwuliza.

Mtu anaweza kusema tulilazimika. Wenzetu wa Kenya walilazimika, maana makanisa yao yalifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Hapa kwetu milango ilibaki wazi. Skrini tuliichukua kwa hiari, kwa hiyo tunapaswa kuitolea maelezo.

Nasi tuna la kueleza. Katika mtaa mmoja wa huku Katavi kulikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyeanguka akaumia nyonga. Habari iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika siku ileile. Majibu yalimiminika: Amina, pole sana Bibi, Mungu akuponye, mikono iliyokunjwa kwa maombi. Tulihesabu baadaye, yalikuwa thelathini na tisa, na la kwanza lilikuwa la kwetu sisi wachungaji. Bibi hana simu. Hakuna hata moja kati ya hayo aliyoliona. Ilikuwa masika, barabara ilikuwa tope, na kila mmoja wetu alidhani miongoni mwa wale thelathini na wanane wengine yupo aliyekwenda. Tulifika siku ya kumi na mbili. Tulimkuta amelazwa mahali pasafi, amepikiwa uji. Aliyekuwa akimchotea maji na kumgeuza ni jirani yake, mama wa Kiislamu, ambaye hakuwa kwenye kundi lolote. Bibi alitukaribisha vizuri. Akasema, "Baba Mchungaji, niliambiwa mmeniombea. Nilidhani mtakuja."

Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna. Tunachojua ni kwamba neno "Amina" lilikuwa limetupa utulivu wa mtu aliyekwisha kufanya jambo.

Hatusemi hivyo ili simu zizimwe. Katumba, ambako wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa mahali pa kuishi, kuna familia ambazo ndugu wamegawanyika: mmoja alirudi Burundi, mmoja amechukua uraia wa Tanzania akabaki, mwingine amekwenda Marekani. Kwao simu imefanya ambacho mchungaji hangeweza. Mama anatuma sala kwa sauti yake, mwanawe anajibu kwa sauti yake, na msiba wa mbali unaliwa kilio pande zote mbili. Hapo watu wanafikiana kweli. Wanajuana majina, na asiyejibu siku mbili anatafutwa. Yule mzee aliyeandika Waraka wa Pili wa Yohana alikuwa na karatasi na wino, akavitumia, lakini akawaambia wasomaji wake kwamba mengine ameyaweka akiba mpaka atakapowafikia na kusema nao ana kwa ana. Barua ilikuwa ya kushika nafasi ya safari ambayo bado aliikusudia. Tunaposoma makundi yetu ya simu, swali ni kama safari bado imekusudiwa.

Baada ya aibu ile, wazee wa kanisa walikubaliana jambo dogo. Anayeandika kwenye kundi kwamba fulani anaumwa, aandike pia nani anakwenda na siku gani. Amina zimepungua sana, na wapo waliolalamika kwamba kundi limepoa.

Bibi bado hana simu, na anatembea kwa fimbo. Mwinjilisti wa mtaa humtembelea kila Alhamisi kwa bodaboda, na siku hizi humpelekea mahubiri ya Jumapili kwenye simu yake. Anaiweka juu ya kigoda, wanasikiliza wote wawili pamoja na yule jirani. Bibi ana tabia ya kuinua mkono katikati ili simu inyamazishwe, kisha anauliza, na mwinjilisti hulazimika kujibu. Mahubiri ya dakika ishirini huchukua saa nzima.