Ziwa na Bustani

Msomaji, umezoea uhakiki wa vitabu na mashairi. Leo nakuita tuhakiki kazi zisizoandikwa kwa wino: bustani moja na ziwa moja katika nchi ya Uchina. Usishangae. Kitu kilichofanywa kwa mkono wa mtu chaweza kupimwa kama lipimwavyo shairi. Twauliza kimefanywa kwa ustadi gani, na kwa ajili ya nani.

Jamaa nyingi za watalii, baba na mama na watoto wao, huzuru mji wa Suzhou kwa sababu ya bustani na mifereji yake, kisha huenda Hangzhou kutazama ziwa. Aghalabu hutazama upesi, hupiga picha, na wakirudi kwao husema kwamba yote yalikuwa mazuri. Neno hilo ni la adabu, lakini si hukumu. Asemaye kwamba vyote ni vizuri sawasawa hajatazama hata kimoja.

Tuanze na bustani ya Zhuozheng, iliyo kubwa kuliko bustani zote za kale za Suzhou. Ilianzishwa yapata mwaka 1509 na Wang Xianchen, mtumishi wa mfalme aliyeacha kazi baada ya misukosuko. Kwa ustadi haina upungufu. Haionekani yote kwa mara moja. Njia hupinda, ukuta huziba, na ghafula dirisha la nakshi hukufunulia bwawa lenye mayungiyungi. Hivyo ekari 13 hivi huonekana kama nchi nzima. Hila iliyo bora kupita zote ni hii: ukisimama mashariki ya bwawa la kati ukatazama magharibi, waona mnara wa hekalu ukichomoza juu ya miti kana kwamba umo bustanini. Kumbe mnara u mjini, mbali nje ya ukuta. Mjenzi ameazima mali ya jirani wala hakulipa.

Lakini kizuri hakikosi ila. Bustani iliazima mnara wa watu wote, nayo haikumrudishia mtu wa mjini hata jani moja. Ilijengwa iwe ya mwenyewe na rafiki zake. Husimuliwa kwamba mwanawe aliipoteza katika kamari. Mwaka 1952 ilifunguliwa kwa umma, na hata leo huingiwa kwa tikiti.

Sasa toka nje ya ukuta, ufuate mifereji. Ramani ya Suzhou iliyochongwa juu ya jiwe mwaka 1229 yaonyesha barabara na mifereji ikienda sambamba, na katika mtaa wa Pingjiang mpango huo wadumu bado. Mbele ya nyumba ni barabara. Nyuma, ngazi za mawe hushukia majini. Hakuna aliyezijenga ili kumpendeza mtalii. Watu walitaka maji ya kufulia na njia ya mashua, na uzuri ukaja wenyewe ukiifuata kazi.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika Ziwa la Magharibi, huko Hangzhou. Mwaka 1089 mshairi Su Shi alikwenda kuwa liwali wa mji huo, akalikuta ziwa limesongwa na magugu. Akamwandikia mfalme kwamba ziwa likifa, watu watakosa maji ya kunywa, mashamba yatakauka, na mfereji hautapitisha mashua. Alipopata ruhusa, tope na magugu yakazolewa. Yatupwe wapi? Yakajengwa tuta la kilomita 3 hivi kukatiza ziwa, lenye madaraja 6, na miti ikapandwa kando yake. Leo watoto wa watalii hukimbia juu ya tuta hilo, wasijue kwamba wanakanyaga taka za ziwa. Hata ile minara mitatu midogo isimamayo majini, ambayo sura yake imo katika noti ya yuani moja, ni kumbukumbu ya alama za mpaka alizoweka Su Shi ili watu wasipande mimea humo, ziwa likajaa tena.

Basi hukumu yangu ni hii: bustani yashinda kwa ufundi, ziwa lashinda kwa ukuu. Labda utanijibu kwamba Su Shi alikuwa mtawala, bali Wang alijijengea kwake, na kila mtu ana haki ya ua wake. Ni kweli. Wala sitaki ukuta ubomolewe, maana pasipo ukuta hila zile zote zingekufa. Lakini kazi isiyoweza kupendeza ila kwa kuwafungia wengine nje imejiwekea yenyewe mpaka wa ukuu wake. Ziwa halikuhitaji hivyo. Mbeba maji na mshairi walilitazama pamoja, na uzuri wa mmoja haukupungua kwa kuwapo kwa mwingine.

Nawe ukijaliwa kusafiri na jamaa yako, usiharakishe kusema kwamba mahali ni pazuri. Uliza kwanza nani alipachimba, kisha nani hunywa maji yake.