Kabureta ya Ford Model T: Kuitambua na Kuichagua

Ford Model T, gari lililoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, lilifungwa kabureta za aina nyingi katika miaka hiyo, na wingi huo ndio chanzo cha makosa kadhaa yanayofanywa na mafundi wanaolifufua leo. Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla mchanganyiko huo haujaingia katika silinda. Kampuni ya Ford ilikinunua kwa watengenezaji zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, hasa Holley wa Detroit na Kingston wa Kokomo, Indiana, hata magari mawili yaliyotoka kiwandani mwaka uleule yakaweza kubeba kabureta tofauti na yote mawili yakawa ya asili. Fundi anayeing'oa Kingston kwenye gari la 1924 kwa kudhani kwamba Holley peke yake ndiyo halali huondoa kifaa kisicho na hatia.

Utambuzi huanzia kwenye mwili wa kabureta, ambako jina la mtengenezaji na herufi za aina hujitokeza katika chuma chenyewe, mara nyingi chini ya tabaka la grisi na vumbi lililokauka. Holley G ni ya miaka ya 1910, Holley NH iliingia 1920, na upande wa Kingston zilifuatana L, L2 na L4. Hata hivyo herufi hazitoshi, kwa kuwa katika miaka mia moja kabureta nyingi zimefumuliwa na kuunganishwa upya kwa spea za ndugu zake, na ushahidi wa kuaminika zaidi ni njia inayopita hewa. Kingston za mwanzo kabisa zilikuwa na vigololi vya metali vilivyoinuliwa na mvuto wa injini ili kuongeza hewa kadiri mwendo ulivyoongezeka, na L4 ilitumia kilango cha hewa chenye uzito kilichoning'inia kwenye bawaba kwa madhumuni hayohayo. NH haina kilango cha namna hiyo. Ina choki, yaani bamba linalobana hewa wakati wa kuwasha injini iliyopoa, na kipepeo kinachodhibiti mwendo, basi. Miongoni mwa NH zenyewe, baadhi zina njia ya hewa iliyobonyea katikati, ilhali nyingine zina njia iliyonyooka.

Aina moja inahitaji kutengwa kabisa. Katika miaka ya 1926 na 1927 Ford ilitumia pia vaporaiza, kabureta iliyopitisha mafuta karibu na bamba lililopashwa moto na moshi wa ekzosi ili petroli hafifu ya wakati huo igeuke mvuke kwa urahisi. Vaporaiza imefungamana na manifoldi zake, yaani mabomba ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, hivyo anayetaka kuweka NH mahali pake hana budi kubadilisha na manifoldi pia. Badiliko hilo linastahili gharama yake kwa gari linalokusudiwa kutembea, kwa sababu vaporaiza iliyochakaa ni ngumu kurekebishwa, lakini sehemu zilizotolewa zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na gari.

Katika kuchagua, jambo linalosahauliwa mno ni jinsi mafuta yanavyofika. Model T haina pampu ya petroli. Mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka kwenye tangi, ambalo katika miundo mingi ya kabla ya 1926 lilikuwa chini ya kiti, na ndiyo maana madereva waliokuwa na mafuta kidogo walilazimika kupanda milima mikali kinyumenyume ili tangi libaki juu ya kabureta. Safu ya petroli yenye kimo cha sentimita 30 hutoa shinikizo la takriban kilopaskali 2 tu, ilhali pampu za magari ya baadaye hutoa mara kumi ya hapo au zaidi. Kabureta iliyobuniwa kwa ajili ya pampu ina tundu dogo la kuingizia mafuta, na ikifungwa kwenye Model T bakuli lake, yaani chumba kidogo cha kuwekea petroli, huishiwa gari linapovuta kwa nguvu. Dalili zake hufanana na za plagi mbovu, na fundi huweza kubadilisha karibu mfumo wote wa umeme bila kuugusa ugonjwa wenyewe.

Kishawishi cha pili ni ukubwa. Injini ya lita 2.9 yenye nguvu za farasi 20 kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 2,300 hivi za hewa kwa dakika, na kwa hakika huvuta pungufu. Petroli hunyonywa kutoka kwenye jeti, yaani tundu lililopimwa, kwa sababu hewa inayokimbia kwenye koo jembamba hupunguza shinikizo mahali hapo, na upungufu huo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Koo likipanuliwa kutoka milimita 25 hadi 35, kasi ya hewa hushuka hadi nusu na mvuto juu ya jeti hadi robo, hivyo injini husitasita kila inapoongezewa mafuta ghafla. NH yenye njia iliyonyooka, ambayo hata leo hutengenezwa upya, ndiyo chaguo bora kwa matumizi ya barabarani. L4 nzima, yenye kilango kisicholegea, inafaa kuachwa ilipo.

Kabla ya kununua kabureta kuukuu, boya lake lichunguzwe, kwani maboya ya zamani yalitengenezwa kwa gamba la mti litumiwalo kwa vizibo na kupakwa sheleki, vanishi inayoyeyushwa na ethanoli iliyomo katika petroli nyingi za sasa, na boya lililolowa huzama na kuacha mafuta yafurike. Sindano ya kurekebishia jeti nayo itolewe na kutazamwa ncha yake. Ikiwa ina mfereji wa mviringo, imekazwa kwa nguvu mara nyingi, na huenda tundu la jeti limepanuka. Hapo kubadilisha sindano peke yake hakuwezi kurudisha kipimo cha awali, na jeti lazima ibadilishwe pamoja nayo.